Risala ya Wasindikizaji wa Wazee Kuhusu Muhuri wa "Uzee"

Mgeni rasmi, mganga mkuu, wauguzi, na wazee wetu mliokaa na mliokosa pa kukaa,

Karibu sana. Tunashukuru umekuja kutufungulia mabenchi mapya. Kwa heshima yako, leo dirisha la wazee limefunguliwa saa mbili kamili. Tungependa uje kila wiki.

Tulikotoka

Sisi ni wajukuu, mabinti na wakwe tunaowaleta wazee kliniki hii. Tulijuana kwenye foleni. Zamani daktari aliandika kwa mkono: mgongo, uzee; kizunguzungu, uzee. Mkono ukachoka, ukachongwa muhuri wa neno hilo.

Tunayojivunia

Muhuri umefupisha foleni. Kuna babu aligongewa kabla hajakaa. Mwingine alimsindikiza mkewe tu, naye akagongewa.

Yanayotukwaza

Bibi yangu mimi ninayesoma risala hii, miaka sabini na tatu, alionyesha uvimbe kwenye kwapa la kushoto. Daktari akagonga. Bibi akasema, "Baba, mimi mzee, sikatai. Lakini huu uvimbe una miezi minne. Nao umezeeka?"

Foleni nzima ikacheka. Daktari pia alicheka, kisha akaita, "Anayefuata!"

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikaenda kumuuliza muuguzi wa chanjo, ambaye hana haraka. Alinieleza kwamba mwilini mna askari wa kinga. Chembe za mwili zikiharibika na kutaka kuwa saratani, mara nyingi wao huzikamata mapema. Lakini kiwanda cha askari wapya, nyuma ya mfupa wa kifua, husinyaa kadiri umri unavyokwenda. Wanaobaki wanawajua maadui wa zamani. Akija mpya wanamkodolea macho. Wengine wanapiga kelele ovyo mwilini na hawakamati mtu. Na chembe zenyewe zimeshakusanya makosa ya miaka mingi.

"Si kila mzee atapata saratani," akasema, "ila hatari inapanda."

Kumbe muhuri hausemi uongo, mgeni rasmi. Ni uzee kweli. Sisi tulidhani mlinzi akianza kusinzia ndipo mlango unakaguliwa zaidi. Hapa tunaambiwa twende nyumbani tukasinzie naye.

Tunaloomba

Kwa mabenchi tumeshukuru. Mzee akileta uvimbe, au damu, au anakonda na hatujui kwa nini, tunaomba apimwe kwa sababu ni mzee.

La pili ni dogo. Muuguzi yule alimjazia bibi fomu ya kwenda hospitali kubwa, akatolewe kinyama kwenye uvimbe kikapimwe. Inasubiri sahihi ya mganga mkuu, aliyekaa kushoto kwako, na hii ni wiki ya tano. Tunajua ana kazi nyingi. Tumefarijika kumwona leo ameshika kalamu, na fomu tumemwekea mbele yake, chini ya chupa ya maji.

Bibi yuko benchi la mbele. Ukienda kumwamkia, tafadhali mpe mkono wa kulia. Wa kushoto haunyanyuki tangu Jumapili.

Mungu akupe umri mrefu, mgeni rasmi, na ukiufikia akupe mtu wa kukupima.

Ni sisi,
Wasindikizaji wa Wazee, Dirisha Namba Nne