Picha ya Kumfuata Esta

Benchi la mbele ya studio ya Selemani Picha, pale Lushoto karibu na soko, lilikuwa ubao mmoja mrefu kutoka Shume, umelazwa juu ya mawe mawili. Siku za gulio lilijaa kabla ukungu haujaondoka mlimani. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu, na wanywaji waliitia utamu kwa maneno. Mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa Kristofa, mpasua mbao mstaafu, waliyemwita Redio. Aliyembishia alikuwa Abdallah fundi viatu, waliyemwita Waziri kwa sababu kila jambo alilitolea tamko. Mwisho wa ubao, mahali pasipo na ubishi, aliketi mzee Fanueli, ambaye hakuwa na jina la utani. Tangu amzike mkewe Esta, alikuja kila gulio kuuliza neno moja.

— Selemani, mkanda umejaa?

— Shikamoo, mzee Fanueli.

— Marahaba. Umejaa?

— Bado, mzee wangu. Zimebaki picha nne.

Esta alipigwa picha mara moja tu maishani mwake, muda mfupi kabla ya kuugua, siku ambayo Fanueli alikuwa kiwandani Mponde amepeleka majani ya chai. Picha hiyo ilikuwa bado ndani ya kamera. Mkanda ulibeba picha kumi na mbili, nyeusi na nyeupe, na Selemani hakuusafisha mpaka zote ziishe, maana mkanda mwingine hakuwa nao na duka la Tanga lilimwambia angoje meli. Jumapili inayokuja msalaba ungewekwa kaburini. Fanueli alitaka awe ameiona picha kabla ya siku hiyo, na sababu hakumwambia mtu. Alipofumba macho kuomba, sauti ya Esta ilikuja upesi, lakini sura ilichelewa. Juzi haikuja kabisa.

— Si ufungue tu, ukate kipande chake? alisema Waziri.

— Nikate gizani kwa kupapasa? Nikikosea kidogo, namkata kichwa mama wa watu. Na kinachobaki hakirudi tena kwenye kamera.

— Basi piga ukuta mara nne.

— Waziri, wewe ngozi yako ya mwisho utaishona ukutani? Watu wa kupigwa walikuwapo. Kulikuwa na bwana harusi mzima kutoka Mlola. Kisha mtu mmoja akatangaza hapa kwamba ndani ya kamera kuna marehemu.

Wote wakamtazama Redio.

— Mimi nilitoa habari tu, alisema Redio. Uongo uko wapi? Mkanda ni mmoja, umeungana. Anayepigwa baada ya marehemu amesimama nyuma yake kwenye foleni. Haya niambieni, foleni hiyo inakwenda wapi?

— Dukani kwenye sukari, alisema Waziri.

— Cheka tu. Kule kwenye mbao kulikuwa na mzungu mmoja. Alipiga picha ya mbwa wake, mbwa akafa. Picha iliyofuata kwenye mkanda ule ule akapigwa yeye.

— Akafa?

— Akahamishiwa Morogoro.

Waziri alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alipopata pumzi, alinyoosha mgongo kama mtu aliye jukwaani.

— Natoa tamko. Hatari haiko kwenye kupigwa, iko kwenye beseni. Wote mnaogeshwa dawa moja, gizani, mmegusana. Maji yaliyompitia marehemu yanakupitia na wewe.

— Ni dawa ya picha, Waziri, alisema Selemani. Si josho la ng'ombe.

— Hamjaona bado, alisema Redio. Mimi nimewahi kuushika mkanda uliosafishwa, nikauinua juani. Humo mtu anatoka kinyume. Uso mweupe, nywele nyeupe, meno meusi. Humo ndani sote tunafanana na wafu! Sasa marehemu ndiye mwenyeji, wewe umeingia mgeni. Anakwambia karibu. Utakataa ukaribisho wa mtu?

— Ndiyo maana Selemani huinamisha kichwa juu ya kamera! alisema Waziri, ambaye sasa alikuwa amesahau kubisha. Kumbe anawasikiliza!

— Natazama kioo, jamani. Kioo chake kiko juu.

— Kama kioo, kwa nini unanyamaza?

Fanueli aliweka kikombe chini.

— Basi nipige mimi.

Redio alinyanyuka nusu.

— Wewe? Wewe ndiye usisogee kabisa! Mume? Sisi atatukaribisha tu, wewe atakuita kwa jina.

— Katika hili, alisema Waziri, baraza zima linaafikiana.

Fanueli alikuwa mtu wa sala, na aliamini kwamba mwenye kuita ni Mungu peke yake. Lakini nyumbani alikuwa na watoto, na maneno ya watu humwingia mfiwa mahali ambapo zamani yasingepita. Akakichukua tena kikombe chake, ingawa ndani hamkuwa na kitu.

Hapo akafika Mwanaisha na tenga la kabeji kichwani. Yeye na Esta waliuza mboga jirani miaka mingi, tenga kwa tenga.

— Hamjambo? Shemeji Fanueli, watoto wazima?

— Wazima, namshukuru Mungu.

— Na nyie wengine mbona nyuso hivyo, kama mmeambiwa kahawa imeisha?

Redio akamweleza yote: foleni, beseni, mwenyeji na wageni wake. Alieleza kwa mikono miwili. Mwanaisha aliteremsha tenga, akasikiliza mpaka mwisho.

— Nimeelewa, alisema. Nina swali moja tu. Huyu Esta mnayemwogopa, kati yenu alimkosea nani?

Redio alianza kufuta kikombe chake. Waziri, ambaye Esta alimpelekea uji kila asubuhi mwaka alioumwa kifua, alitazama sokoni kama aliyeitwa huko.

Fanueli akavua kofia.

— Selemani, leta kiti.

— Mzee, una hakika?

— Mungu akinitaka atanikuta shambani au kanisani. Hana haja ya kamera. Leta kiti, mwanangu.

Aliketi, mikono magotini. Selemani akainama, akamwomba ainue kidevu kidogo, na kamera ikalia sauti ndogo kama ya kucha inayokatwa.

— Anayefuata mimi, alisema Waziri, ila miguu isionekane. Viatu vyangu vimefumuka.

— Fundi viatu! alisema Redio. Tena utangulie kwa cheo gani? Mimi ndiye niliyeianzisha habari hii!

Wakasukumana hadi Redio akashinda. Waziri akapigwa baada yake, kifuani kwenda juu. Mwanaisha akamaliza mkanda, kabeji moja mkononi, kwa sababu alisema hawezi kukaa bure kama mtu asiye na kazi.

Selemani aliuzungusha mkanda mpaka mwisho, akautoa, akalamba karatasi yake ya gundi na kuufunga.

— Njoo kesho kutwa, mzee. Jumapili utakuwa nayo.

— Esta ni wa ngapi humo?

— Wa nane. Wewe ni wa tisa.

— Tumekaribiana?

— Sana. Kati yenu ni unene wa njiti ya kiberiti.

Fanueli alitikisa kichwa taratibu, akakubali. Kisha akauliza:

— Na mkanda wenyewe unabaki hivyo hivyo, mrefu?

— Hapana, mzee. Huwa naukata vipande vya picha nne nne, uenee kwenye bahasha. Kipande cha kwanza, cha pili...

Selemani alihesabu kwa vidole, akaishia njiani. Mkasi ungepita baada ya picha ya nane.

Fanueli alivaa kofia yake, akaiweka sawa.

— Safari hii kata kwingine, mwanangu.