Darubini na Pazia la Nyota

Mama tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Darubini kwa kuwa hakuna jambo lililompita, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ndogo nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mke wake muuza maziwa. Inasemekana alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno yote, na sisi tuliomjua tunaamini.

Alihitimu sekondari ya wasichana mwaka 1975, akiwa wa kwanza katika fizikia. Alitamani kusomea elimu ya nyota chuoni, lakini baba yake alifariki mwaka huohuo na wadogo zake walihitaji kula. Akaketi kwenye cherehani ya baba. Hakunung'unika, ila hakusahau pia.

Mwaka 1978 aliajiriwa kushona mavazi katika ukumbi wa maigizo wa mjini. Siku moja mwigizaji aliyecheza mjakazi aliugua, Darubini akasukumwa jukwaani na ufagio mkononi. Alifagia hadi miguuni pa mfalme, akamwambia, "Inua mguu, baba." Maneno hayo hayakuwamo kwenye tamthilia. Watazamaji walivunjika mbavu, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumshusha jukwaani. Akawa mwigizaji, kisha mwongozaji, mwenye sauti iliyofika barabarani bila kipaza sauti.

Fundi wa taa wa ukumbi huo alimposa katikati ya mazoezi, baada ya kuzima taa zote.

"Sema ndiyo, niwashe."

"Washa kwanza, nione ninachokubali!"

Walifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1984, wakajaliwa binti na mwana wa kiume, waliolala usingizi wao wa mchana ndani ya kikapu cha mavazi.

Uzeeni aliirudia ile hamu yake ya ujana. Aliandika tamthilia, Waliohesabu Nyota, juu ya wanawake wa kwanza walioichunguza mbingu huku wakuu wao wakijipa sifa. Februari 2022, mazoezi yakiwa yameanza, aligundulika kuwa na saratani ya utumbo. Upasuaji ulipangwa Alhamisi, tarehe 2 Juni. Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi. Kwa shingo upande alikubali kulikosa, akamwachia binti yake uongozaji.

Jumatano alimwalika mtaalamu wa nyota wa chuo kikuu, mama mpole, aje kuona mazoezi ya mwisho. Pazia jeusi lilikuwa limetobolewa matundu, na nyuma ya kila tundu palikuwa na taa. Taa zilipowashwa mgeni akasema, "Dada, hii mbingu mmeitazama kwenye kioo? Kushoto kumekwenda kulia."

Darubini alijishika kichwa. Alikuwa ameichora kama fundi nguo yeyote anavyochora, kwa chaki, upande wa ndani wa kitambaa, na kwa watazamaji ikatokea kinyume.

"Nani atajua?" meneja wa ukumbi akasema. "Watu wanakuja kuona maigizo tu."

"Wanawake hawa walibishiwa maisha yao yote kwamba wamekosea. Leo wamepata jukwaa, halafu mimi niwawekee mbingu ya kinyume? Lishusheni!"

Mumewe alimsihi. "Nenda kapasuliwe, mke wangu. Pazia nitaligeuza mimi."

"Wewe? Hata kifungo hujawahi kushona."

Familia ilikasirika, na hatufichi. Tuliogopa. Lakini alimpigia daktari mwenyewe, naye kwa manung'uniko akasogeza upasuaji hadi Jumatatu. Siku mbili waigizaji wote walikaa sakafuni wakifumua bitana, wakigeuza kitambaa, wakishona upya, huku Darubini, akiwa amelala ubavu juu ya godoro, akiwakosoa mshono kwa mshono.

Jumamosi taa ziliwaka. Katikati ya ukumbi yule mtaalamu alisimama, akaanza kuwaonyesha nyota kwa kidole wanafunzi aliokuja nao: ile pale, na ile, na ile. Ukumbi mzima ukasimama naye. Daktari, aliyekaa safu ya mbele kumlinda mgonjwa wake, alipiga makofi kuliko wote. Darubini alilia waziwazi. Alisema hajawahi kuwa na furaha kama ile, harusi yake ikiwemo, na mumewe akamsamehe.

Upasuaji ulimwongezea zaidi ya mwaka mmoja, nao aliutumia wote kazini. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Wiki moja kabla, mwanawe alipendekeza jeneza lifunikwe kwa lile pazia na azikwe nalo.

"Mkinizika nalo," akauliza, "Jumamosi mtaonyesha nini?"

Ameacha mume, binti, mwana, mkwe mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na kundi la waigizaji ambao kesho Jumamosi saa kumi na mbili jioni watapanda jukwaani, mbele ya pazia lilelile, kama alivyoagiza. Tiketi zimekwisha zote.

Mama, umeshinda. Pumzika kwa amani.