Mjomba Agustino na Mistari Iliyobanana

Wakubwa shikamooni, na wote mliopanda mlima kuja kulia pamoja nasi poleni. Mimi ni Prisca, mpwa wa marehemu, ukoo umenituma nisome historia yake, nami niliishia darasa la saba, hivyo nitasoma polepole.

Agustino Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Nyandira, Mgeta, akasoma shule ya misheni kuanzia 1959 hadi 1966, kisha akajifunza uchoraji wa ramani Dar es Salaam, na tarehe 3 Julai 1972 aliajiriwa Morogoro Mjini kuchora kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, hadi alipostaafu mwaka 2011 akarudi kuishi hapa.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Mama Magdalena, wakajaliwa watoto wawili, Lucy na Emmanuel.

Mwaka 1986 alikosea, na mwenyewe hakulificha kosa hilo. Kontua ikivuka kijito hujipinda kuelekea chanzo, yeye aliipinda kuelekea chini, watu wa hapa wakachimba mfereji wiki tatu kwa kufuata ramani yake, maji yakagoma. Alikuja akasimama mbele yao, akasema kosa ni lake, akaomba jembe, akachimba nao likizo yake yote, huku wakimtania kuwa ni fundi wa kupandisha maji.

Novemba 2023, akiwa tayari anaumwa figo, alinitandazia ramani mbili, ya kontua na ya mistari ya mvua, ile inayounganisha mahali penye mvua sawa, akanionyesha kuwa nyuma ya nyumba yangu kontua zimebanana, maana yake mteremko ni mkali, na mvua kubwa inaangukia papo hapo, akaniomba nihame. Nilimjibu vibaya, nikamuuliza kama si yeye aliyetaka maji yapande mlima. Alicheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo maana safari hii amepima mara nne. Kesho yake nilimkuta nyumbani kwake amehamia sebuleni, chumba chake ametuachia mimi na mwanangu Faraja, shuka ametandika mwenyewe, nikaona aibu, nikahama. Tarehe 23 Aprili 2024 mlima uliporomoka, nyumba yangu ikafukiwa hadi paa, na ndani hamkuwa na mtu.

Januari mwaka huu alizidiwa, akalazwa mjini, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kwa machela hadi barabarani kwenye utelezi, na wafanyakazi wenzake mliompelekea kalamu zake wodini bila kuombwa.

Mjomba, lile jibu langu sikuwahi kukuomba radhi, leo naomba mbele ya watu wote, nikiwa nimempakata Faraja. Pumzika kwa amani.