Mama Hakiki na Saini Kumi na Moja za Ukoo Wangu

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne kazini, Mama Hakiki, Afisa wetu wa Saini na Wanachama, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye barua ya kustaafu, lakini ukiliita ukumbini watu watageuka kumtafuta mgeni.

Alijiunga nasi wakati chama chetu cha kutetea bahari kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Siku hizo wengi waliamini nyangumi ni samaki mkubwa tu na kwamba bahari haichoki. Yeye alisimama kwenye milango ya shule na masoko, ubao wa kuandikia mkononi, akieleza kwamba nyangumi huzaa na kunyonyesha kama sisi, na kwamba mama mwenye ndama ubavuni hawezi kuikimbia meli. Aliyeelewa alisaini. Ambaye hakuelewa alielezwa tena.

Utaratibu wake ofisini tunaujua sote, wengine kwa machungu. Ana rula na kalamu nyekundu. Kila karatasi aliisoma mstari kwa mstari, kisha akawapigia simu waliosaini, kuuliza kama ni wao kweli na kama wanajua walichokisaini. Asiyejua alifutwa. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kufutwa, maana alisaini gatini asubuhi, akasaini tena sokoni mchana. Alijitetea kwamba anawapenda nyangumi mara mbili. Mama Hakiki alimjibu awapende hata mara kumi, ila asaini mara moja.

Miaka tisa iliyopita, kalamu hiyo nusura itugombanishe wote. Meli za mizigo zilikuwa zikikatiza ghuba ambako ndama wa nyangumi huzaliwa, na msimu huo peke yake tulikuta nyangumi sita ufukweni, wamegongwa. Kamati ya bandari ilikubali kusikiliza ombi la kuihamisha njia ya meli kwa sharti moja: saini elfu hamsini kabla ya Ijumaa adhuhuri, na ikionekana hata moja ya uongo, ombi zima linatupwa. Tulipata elfu hamsini na mia tatu. Tukafungua soda. Jumatatu asubuhi Mama Hakiki akatoka chumbani mwake akiwa amefuta mia tisa na kumi na mbili.

Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa zangu. Nilikuwa mgeni kazini, nataka nionekane hodari, basi nikamsainia bibi yangu, wajomba, mashangazi, mabinamu, mpaka shemeji ambaye hatukuwa tukisemeshana. Nilibadilisha kalamu tatu, nikajiona mjanja. Mama Hakiki hakunigombeza. Aliniwekea karatasi mezani, akanionyesha herufi moja yenye mkia uleule kwenye mistari yote, akasema ukoo mzima hauwezi kurithi mkia mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, akaongeza, na akanituma nikawaulize wenyewe.

Ofisi ilimnunia, lazima niseme ukweli. Walisema anatuangusha sisi badala ya kuwaangusha wenye meli. Yeye alivaa viatu vya chini, akashika ubao wake, akashinda siku tatu nje ya soko la samaki. Mimi nilienda kwa bibi nikidhani ni kazi ya dakika mbili. Alitaka kwanza kujua ndama ananyonyaje ndani ya maji bila kumeza bahari. Sikujua. Nikampigia Mama Hakiki, na wanawake hao wawili wakaongea nusu saa nzima huku mimi nimesimama na ubao kama mpiga hodi asiyekaribishwa. Mwishowe bibi alisaini, saini ikatoka nje ya mstari. Shemeji alikataa, na hiyo ni haki yake.

Alhamisi jioni tulikuwa na elfu hamsini na arobaini na moja.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa wenye meli alisimama akadai kwamba majina yetu ni ya hewa, akaomba yajaribiwe palepale. Mwenyekiti wa kamati akafunua karatasi katikati ya rundo, akaweka kidole, akasoma jina la bibi yangu. Akaipiga namba iliyoandikwa kando yake. Simu iliita mara nne, sauti ikisikika ukumbi mzima. Bibi akapokea, akakiri amesaini kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa na miwani. Kisha, bila kuombwa, akamfundisha mwenyekiti kwamba mama anayenyonyesha hakimbizwi, akamuuliza yeye ana watoto wangapi. Hata wakili alicheka. Walipigiwa wengine kumi na tisa na wote walijua walichokisaini.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu Jumatatu. Nilipogeuka, Mama Hakiki alikuwa kiti cha nyuma, amevua miwani anaifuta, anaivaa, anaivua tena. Kumbe naye aliogopa siku zote zile, ila hakutuambia. Njia ya meli ilihamishwa kabla ya msimu uliofuata.

Kwenye droo yake kuna daftari la nyangumi waliokufa katika ghuba ile, kila mmoja na tarehe na urefu wake. Wiki iliyopita alinikabidhi. Kurasa za misimu mitatu ya mwisho zina tarehe juu na chini hakuna kitu. Alisema alikuwa akiomba astaafu akiacha ukurasa mtupu, na amepewa kurasa tatu, kwa hiyo anaondoka na moyo mweupe. Kalamu nyekundu pia ameniachia mimi, jambo ambalo ofisi nzima bado inalicheka.

Mama Hakiki, asante kwa kutufuta. Tunakuombea afya, usingizi mzito na simu chache. Kadi ya kukuaga ina saini thelathini na nane. Mkurugenzi alisaini mara mbili, nimefuta moja. Bibi naye amesaini. Nilikwenda kumuuliza.