Mbegu Inayofukuliwa Kila Asubuhi

Basini, mwalimu wa chekechea alikuwa amepakata kopo lenye mche wa maharage. Muuza mbegu aliyeketi kando yake akauliza ni wa nani.

"Wa mwanafunzi wangu, mama. Mbegu za wenzake zimeota, yake bado, maana kila asubuhi anaifukua kuichungulia! Leo nambadilishia kabla hajafika."

"Umdanganye mtoto, mwalimu?"

"Jana kalia mpaka kwikwi."

"Basi mpe figili, siku nne tu zimechomoza." Akammiminia mbegu kiganjani.

"Na siku nne hizo mikono yake nimfungie wapi?"

Abiria wakacheka, kila mmoja ghafla bingwa wa malezi. Basi likasimama. Mwalimu akashuka, mche mkono huu, mbegu mkono ule. Na getini mtoto keshafika, anamkimbilia.