Gari Linalozimwa Kutoka Dar

Kijiwe cha Nuruddin kiko Kambarage, mjini Shinyanga, chini ya ukuta wa ghala la pamba ambalo siku hizi halina pamba, benchi mbili za mbao zinazotazamana, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wanaume walewale kila asubuhi wakibishana kana kwamba serikali inawasubiri wamalize ndipo iamue. Nyuma yao kidogo hukaa Raudha na karai lake la vitumbua, na kwa kuwa huwapa mgongo, wao husahau kuwa ana masikio. Asubuhi hiyo Raudha alikuwa anaunguza vitumbua. Mumewe, Hamza, alikuwa kwenye benchi na ufunguo wa pikipiki mkononi, anamsubiri Stanslaus wa Kishapu aje aichukue hiyo pikipiki na kumwachia hela, na hela hiyo kabla ya adhuhuri iwe imeshakuwa malipo ya kuanzia ya gari la umeme. Raudha alishasema naye nyumbani, akaambiwa anaogopa kila kitu. Na ni kweli anaogopa kila kitu, tangu binti yao Amira agundulike kuwa na sikoseli hajui kulala usingizi wa mtu mzima, maana maumivu ya mtoto yule hayapigi hodi, saa hii anacheza, saa hii amejikunja anashika magoti. Sasa Amira alikuwa amelala kwenye mkeka, na pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale pale, imeoshwa, inang'aa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hamza alikuwa anawaeleza wenzake, na alieleza vizuri, Raudha hawezi kumnyima hilo. Gari halinunuliwi, alisema, unakodishiwa miaka mitatu, unalipa kila Jumatatu, unalichaji nyumbani kama simu. Hakuna wese, hakuna kumwaga oili. Utabeba abiria wako wanne kwenda Kahama, utawashusha mpaka Buzwagi kama wanataka, na ile hela ambayo kituo cha mafuta kilikuwa kinaila kila siku inabaki mfukoni.

— Miaka mitatu ikiisha? akauliza Zamoyoni. Huyu alikuwa karani wa mahakama zamani, na kijiweni wanamwita Wakili.

— Unalirudisha.

— Unalirudisha kwa nani?

— Kwao wenyewe.

Wakili akaweka kikombe chini. Akasema hata vijana wa bodaboda wanaochukua pikipiki za mkataba wanapeleka hesabu kwa tajiri kila siku kwa sababu wanajua mwisho wake chombo kinakuwa chao, sasa huu ni mkataba gani wa kupeleka hesabu miaka mitatu halafu unaondoka kwa miguu.

Hapo akaingia Bujiku. Bujiku ni mtu wa ng'ombe, kijiweni anaitwa Zizi, na hakuna mazungumzo ambayo hayaingizi zizini, uwe unazungumzia uchaguzi au meno.

— Kwetu Kishapu, nikikupa ng'ombe wangu ukae naye, maziwa unakunywa wewe, mbolea yako, na akizaa-zaa ipo siku nakukatia ndama. Akifa unaniletea ngozi, naiona, nakupa pole, yamekwisha. Hilo gari likifa, Hamza, utawapelekea nini?

— Lina bima, mzee.

— Bima analipa nani?

— Mimi.

— Na ndama?

— Mzee Bujiku, gari halizai.

— Basi ng'ombe ni wewe.

Wakacheka wote, Hamza naye akacheka, ila masikio yalimwiva. Akajitetea kwa haraka, akawauliza nani kati yao anajua pikipiki inakula kiasi gani, tairi, cheni, mafuta yanayopanda kila mwezi, mvua inakunyeshea wewe na abiria. Wakili, ambaye hupenda haki hata akiwa upande mwingine, akakubali kwamba ukipiga hesabu ya mafuta peke yake gari la umeme linashinda, linashinda mbali. Lakini umeme ukikatika Jumapili nzima, Jumatatu unalipa kwa kutumia nini? Na betri ikichoka kabla ya miaka kwisha? Hamza akasema betri ni juu ya kampuni. Zizi akasema kampuni iko juu ya nani. Nuruddin akawajazia vikombe bila kuulizwa, maana kelele zikipanda yeye huuza zaidi.

Aliyekuwa kimya muda wote ni Sostenes. Huyu alichimba dhahabu Geita mpaka mgongo ukagoma, na wanamwita Karasha, kama ile mashine ya kusaga mawe, kwa sababu hoja yako ikipita kwake inatoka unga.

— Ninyi hamjiulizi kwa nini wanalitaka lirudi, akasema. Gari limechoka miaka mitatu, la nini? Nitawaambia. Vumbi.

Akawaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mwamba wenye mali. Vumbi la huku lina dhahabu, kila mchimbaji anajua. Gari linapita Geita, linapita kila penye machimbo, vumbi linaingia kwenye vichujio, kwenye viti, chini ya mazulia. Miaka mitatu. Kisha wanayakusanya magari yote, wanayaosha mahali pamoja, na yale maji wanayachenjua dhahabu itoke, kama tunavyochenjua mchanga. Gari la mafuta wasingelileta, moshi unachafua mzigo. Ndiyo maana ni la umeme.

Wakili akasema hilo ni wazimu. Zizi akasema si wazimu, na kama ni hivyo basi mwosha magari naye adai fungu lake. Wakaanza kugawana dhahabu ambayo haijaoshwa, na Hamza, ili tu awanyamazishe, akasema:

— Halafu Geita kwenyewe haliendi. Likivuka mkoa wa Shinyanga linajizima. Wanaliona kwenye kompyuta kule Dar, wanalizima. Huwezi kuibiwa gari la namna hiyo hata ukiliacha wazi.

Alisema kama sifa, na kijiwe kikalipokea kama sifa, Karasha tayari anauliza hao wanaozima wanalala saa ngapi. Raudha akaepua karai. Kliniki ya Amira iko Mwanza. Damu aliyoongezewa mwezi wa Ramadhani aliongezewa Mwanza. Mumewe alikuwa amelieleza gari hili wiki nzima, viti vyake, milango yake, jinsi mtoto atakavyolala nyuma asipigwe na upepo, na mkoa hakuutaja, au aliutaja kama wanaume wanavyotaja vitu, kwa kupita.

Akafika mbele ya benchi na mikono yake ina unga wa mchele. Wanawake hawaji pale, huagiza.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, Mama Amira.

— Samahani, nina swali moja kwa Baba Amira, na anayejua anisaidie. Mtoto akizidiwa tukaambiwa Mwanza, tukamlaza humo ndani ya gari, tukavuka mpaka wa mkoa kuelekea Hungumalwa, likazimwa. Nitambeba mgongoni mpaka wapi?

Hakuna aliyecheka. Hamza akasema haiwezi kuwa hivyo, lazima kuna utaratibu, watu wale wamesoma, akatoa simu akampigia Nelly, binti wa kampuni aliyemwandikisha, akaweka sauti kubwa ili mkewe asikie kwa masikio yake.

Nelly alikuwa na sauti nzuri ya kuamka mapema. Ndiyo, alisema, kuvuka mkoa inawezekana kabisa, mteja anaomba ruhusa kwenye simu siku tatu za kazi kabla ya safari.

— Dada Nelly, akasema Raudha, na sauti yake ikaanza kukimbia kama inavyokimbia akiogopa, mimi ni mke wake, nina mtoto wa sikoseli, sasa huyo mtoto ndiye atanijulisha siku tatu kabla kwamba Alhamisi nitaumwa, mama, omba ruhusa? Na Jumamosi na Jumapili asiumwe kwa sababu si za kazi? Ninyi mnaozima, mnapozima, mnaona kwenye hiyo kompyuta nani yumo ndani?

Hamza akaisogeza simu karibu na mkewe.

— Dada, nitauliza ofisi, akasema Nelly polepole. Hilo sikuwahi kuulizwa.

— Watu wangapi wameshachukua?

— Wengi, dada.

Hamza akakata simu. Zizi alinung'unika kwa Kisukuma jambo ambalo halikuwa la heshima.

— Nilikuwa nafanya kwa ajili yake, akasema Hamza.

— Najua, akasema Raudha. Ndiyo maana nimekuuliza mbele za watu. Nyumbani ungeniambia naogopa.

Stanslaus wa Kishapu alikuwa ameshafika, amesimama kando na bahasha ya kaki kwapani, na hakujua asalimie nani kwanza. Aliisalimia benchi. Akaizunguka pikipiki, akaminya breki, akapapasa kiti, akasema imetunzwa. Kisha akaangalia zile nyuso.

— Kwa hiyo inauzwa au haiuzwi?

Raudha alikwenda kwenye mkeka, akamwinua Amira akiwa bado usingizini, akamfunga mgongoni kwa khanga, akaikaza mara mbili. Akatembea hadi kwenye pikipiki, akapanda, akakaa kiti cha nyuma, macho mbele, mikono yenye unga juu ya magoti, akasubiri dereva.