Sabuni Kwenye Mtumbwi wa Lubisi

Mwaka wa kumi na mbili wa Uhuru, ndani ya basi la Muleba, bwana afya alimwambia bibi aliyekaa naye, "Mtumbwi mnamokanyagia ndizi za pombe uosheni kwa sabuni. Umejaa vijidudu."

"Kama wamo, hao ndio wapishi, mwanangu. Ukiwaua, nani atachachua lubisi?"

Nyuma yao, Ephrasia alikumbuka harufu ya nyasi na ndizi mbivu miguuni mwa baba yake. Kuelekea sherehe za Uhuru, akiwa msichana, aliusugua mtumbwi wa baba kwa sabuni ili amfurahishe. Lubisi haikuchachuka, wazee walikunywa maji matamu kama watoto. Baba alisema jirani yake Karugendo ndiye kamroga, wakanuniana mpaka kaburini.

Basi liliposimama, bwana afya aligeuka. "Wewe mama, unasemaje?"

Ephrasia alichukua kikapu chake, akashuka.